Futa za Treni Tu

Kwetu Palma, pwani, hakuna reli. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu zangu nilipoiona treni ya abiria kwa mara ya kwanza, kule bara, pale njia mbili za reli zinapokutana, baada ya vita kutukimbiza mimi na mama. Nikapagawa. Kila siku ya treni niliacha kibarua nikaenda kuipiga picha kwa simu: mabehewa, abiria, kina mama wanaouza vitunguu madirishani. Mama alinicheka sana. "Mtoto wa mvuvi anachumbia chuma," alisema.

Mama akafia hukohuko, kwa homa ya siku tatu. Picha yake nilikuwa nayo moja tu. Nilimvizia uani, kapaka msiro, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, uso mzima, kichwa wazi, nywele zimesukwa upande mmoja. Aliponiona akasema, "Hiyo usimwonyeshe mtu."

Mdogo wangu wa kike, aliyekimbilia Nhica do Rovuma na asionane na mama tena, aliniomba picha ile kila tulipopigiana simu. Nikamkatalia. Picha ikitumwa hupita mkono kwa mkono, nikamwambia, ataiona tukikutana. Nilijiona mwana mwema kuliko yeye.

Siku ile mlinzi wa stesheni alinishika bega nikiwa katikati ya kupiga picha. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Palma, kwa sauti ya chini, maana siku zile mtu wa pwani alishukiwa kuwa muasi kabla hajafungua mdomo. Akasema kwa upole kabisa, "Hapa hairuhusiwi. Apaga, futa."

Nilichagua picha zote, nikafuta, nikaingia hata kule zinakokaa zilizofutwa nikafuta tena, ili aone sina ninachoficha. Kisha nikampa simu kwa mikono miwili, kama mwanafunzi.

Aliipekua, akanitazama.

"Mbona umefuta zote? Nilisema za treni tu."

Ndipo nikaikumbuka ya mama, nikakaa chini kwenye kokoto. Treni ikapiga honi, ikaondoka, wala sikuiangalia. Mlinzi akadhani naumwa, akaniletea maji. Nilitamani angekuwa mkatili, nipate wa kumlaumu.

Niliporudi Palma vita vilipotulia, mdogo wangu alikuwa amenitangulia. Hata sijakaa, akanyoosha mkono nimpe simu. Nikamwambia yote. Hakulia. Akauliza, "Basi nieleze, kaka. Alikuwa anacheka?"

Ile treni ya siku ile ningeweza kumweleza hadi leo: mabehewa saba, la tatu kioo kimepasuka, mwanamke wa kitambaa cha kijani dirishani akihesabu vitunguu vyake. Uso wa mama niliutafuta, nikautafuta, nikapata msiro tu.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anacheka. Sikumbuki.