Msaragambo wa Rubeni

Shirika la umma lililomwajiri Rubeni Shemhilu kule Tanga lilipouzwa, yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi Lushoto na godoro, sufuria mbili na kichwa kilichojaa kompyuta. Watu walimcheka, wakamwambia alime karoti kama wenzake. Hakulima. Kufikia mwaka 2006 alikuwa akitunza seva, zile kompyuta mama zinazohifadhi kazi za kompyuta nyingine, katika hospitali na shule kumi na moja za milimani. Na kwa kuwa miguu yake ilikuwa miwili tu, na barabara za huku wakati wa mvua hazina huruma, alitunga programu ya kuziamuru seva hizo zijipange na zijitibu zenyewe, yeye akiwa amekaa mjini.

Aliiita Msaragambo, jina la kazi ya pamoja ya kijiji, akaitoa huria: anayetaka aisome, aitumie, airekebishe, asilipe hata senti. Huo ndio uliokuwa uzuri wake, na ndio uliokuwa msiba wake. Cha wote chataka wote wakipalilie, na mpaliliaji alikuwa Rubeni peke yake.

Kisha yakaja macho. Daktari hakumung'unya maneno. Presha ya macho ilikwisha kula jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa na mwaka mmoja, Mungu akijalia. Rubeni hakuyalilia macho, aliililia kazi. Asipopata hata mtu mmoja wa kumwachia, miaka sita ya maisha yake ilikuwa imekwenda na maji.

Aliandika kwenye mtandao kuomba wa kujitolea. Mjerumani mmoja alimjibu kwamba kazi ni nzuri mno, hongera, ila yeye ana shughuli nyingi. Hongera haijawahi kurekebisha seva. Ndipo Rubeni akamwendea Mussa, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema kupita kiasi.

"Ni kazi ya kujitolea?" Mussa aliuliza.

"Ya kujitolea. Na ni ya wote."

"Basi niachie mimi, mzee."

Jumamosi asubuhi pembe likalia. Huku kwetu pembe la msaragambo likilia kila nyumba hutoa mtu, na ambaye jina lake halimo kwenye daftari la mwenyekiti hutozwa kuku. Walifika watu thelathini na wanne kwenye darasa aliloazima Rubeni, na majembe yao, na mmoja na karai.

"Shikamoo, mzee," alisema Hidaya, muuza kabichi. "Mtaro wenyewe uko wapi?"

"Marahaba. Hakuna mtaro, binti yangu. Ni programu."

Aliwaeleza saa nzima. Walimsikiliza kwa heshima, na heshima ya Washambaa inaweza kukuua. Alipomaliza walipanga mstari, wakaandikisha majina, wakampa mkono mmoja mmoja, "Pole na kazi, mzee," wakaenda mashambani kwao. Kwa sheria yetu walikuwa wamehudhuria.

"Haijapata kutokea!" Mussa alifurahi. "Hakuna hata nyumba moja ya kutozwa kuku!"

Rubeni alitamani kumtwanga na lile daftari.

Nyuma ya darasa alibaki mtu mmoja, Jenoveva, mwalimu wa hesabu wa shule ya kata. Alikuwa na swali. Kwa nini seva isijiulize kwanza kama kazi imekwisha kufanyika, kabla ya kuirudia? Rubeni alimvutia kiti.

Kwa miezi mitano alikuja kila alasiri. Rubeni alikuwa na programu yote kichwani, Jenoveva akawa macho yake. Aliona kosa ambalo mzee alikuwa ameishi nalo miaka minne bila kulijua. Masika yalipoangusha seva ya hospitali moja upande wa Mlalo, Jenoveva aliinyanyua kutoka mjini, Rubeni ameketi kando, mikono mapajani, hana la kufanya. Siku hiyo alifurahi kama mtoto. Alianza hata kupata usingizi, maskini.

Enzi hizo minara ya simu ilikuwa ikichipua kila kilima. Alasiri moja simu ya Rubeni iliita. Alikuwa mtu wa kampuni moja ya simu, Dar es Salaam.

"Mwalimu Jenoveva ameomba kazi kwetu, amekutaja kuwa mdhamini wake. Tunataka kujua jambo moja tu, mzee. Anaweza kuachiwa seva mia mbili bila kusimamiwa?"

Jenoveva alikuwa pale pale, vidole juu ya kibodi. Viliacha kuandika.

Bado hajakomaa. Maneno mawili tu, na binti angebaki. Wala usingekuwa uongo mkubwa. Nani amekomaa kwa miezi mitano? Rubeni aliyasikia maneno hayo yamekaa tayari ulimini, akayaonea uchu.

"Anaweza kuliko mimi," alisema.

"Una uhakika?"

"Nimemfundisha mwenyewe."

Alipokata simu Jenoveva alikuwa analia. "Tate," alisema, akimwita baba kwa Kishambaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, "nitakuwa nasaidia kutoka huko. Jioni, nikitoka kazini."

"Najua, mwanangu."

Wote wanaokwenda Dar husema hivyo, na siku wanayosema huwa wanasema kweli. Rubeni hakumlaumu. Lakini programu isiyo na mtunzaji ni mlinzi aliyekufa na funguo za nyumba za watu mfukoni. Siku moja mwizi atazichukua. Hospitali haziwezi kuachwa hivyo.

Alimwomba kazi moja ya mwisho kabla hajasafiri: aandike programu ya kuiondoa Msaragambo kwenye seva zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, bila kuharibu kitu cha mtu.

Jenoveva aliiandika kwa siku tatu. Haikuwa na kosa hata moja.