Mfereji Ulipokohoa

Kila nikinusa mtungi wa plastiki uliokauka, narudi sebuleni kwetu Makadara. Ilikuwa siku ya tatu bila maji, na mdogo wangu alikuwa anaharisha. Akina mama wa ushirika walikuwa wamefumba macho, mzee wa kanisa akiomba kwa sauti kubwa: "Bwana, historia yote iko mikononi mwako. Tupe macho ya kuona nafasi unayotufungulia."

Nikiwa karibu na mlango, nilisikia mfereji wa uani ukikohoa, kisha maji yakimwagika. Nikamvuta Mama leso. Akanifinya, macho bado kayafumba.

Mzee aliomba kuanzia Adamu hadi siku ya mwisho. Alipofika amina, mfereji ulikuwa unadondosha tone moja moja.

Mama akautazama mtungi wetu mtupu, akanigeukia.

"Na wewe, mbona hukusema?"