Mama wa Mama Ukutani

"Karibu. Simama hapo ulipo, vuta pumzi."

Sauti hiyo ilinifika sikioni kabla sijaona chochote, maana ujia wa kuingilia ulikuwa giza na mwisho wake kulikuwa na pazia zito. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya Kiswahili cha pwani. Nyuma yangu mama alivua visikizio vyake akavichungulia ndani, kama anayetafuta dumuzi kwenye punje ya hindi.

"Huyu ako wapi?"

"Alirekodiwa, mama. Atatueleza picha moja moja."

"Na yeye hatusikii sisi?"

"Hatusikii."

"Ati hatusikii. Hata simu walisema hivyo."

Tulikuwa tumeshagombana mlangoni. Katika jumba hilo kubwa la sanaa, mbele kidogo ya Naro Moru, ukitaka kifaa cha kukusimulia unaacha kitambulisho mapokezi. Mama hamwachii mtu kitambulisho, tangu jirani yetu alipoazimwa chake mchana mmoja na shamba likapata mwenyewe mwingine. "Ukikipiga picha nitajua," alimwambia msichana wa mapokezi. Kisha akakitoa, taratibu, kama anayeng'oa jino. Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyotaka kuingia.

Mama yake alikufa yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakuacha picha hata moja. Basi majuzi mwanamke mmoja mzee wa kanisa letu pale Giakanja alirudi kutoka matembezi ya akina mama akasema, "Nimemwona mama yako. Ametundikwa ukutani." Alisema zamani mchoraji mmoja alipanga chumba karibu na soko letu, akawa anachora wanawake waliokuja kuuza viazi.

"Huyo aliwahi kuona malaika kwenye chapati," mama alisema. Wiki nzima hakulitaja tena. Jumapili akavaa viatu vyake vya harusi akaniambia twende.

Ilibidi niende. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na wa pili ni mimi. Tangu nizaliwe mama huniita maitu, mama yangu, na hata akinigombeza hunigombeza kwa adabu. Wazee waliomjua nyanya walisema sikuchukua jina tu, nilichukua na uso. Mama hakuwa na kipimo kingine ila mimi.

Picha ilikuwa ukumbi wa mwisho. Mwanamke ameketi juu ya gunia, kitambaa cha manjano kichwani, fundo limefungwa juu ya sikio la kushoto. Kwenye paji la uso kulikuwa na ule mfuo unaoachwa na ukanda wa kubebea kuni.

"Mtazame," ilisema sauti. "Anautazama mlima, na machoni mwake mna huzuni ya watu wake wote."

"Huzuni gani?" Mama alivua visikizio, safari hii moja kwa moja. "Huyu amechoka tu. Na hakuna mlima hapo. Huyu wa pwani anajuaje?"

Nami nilikuwa nimeanza kushuku. Kila nyanya wa rika lile alikuwa na mfuo huo. Ule uso ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nilimshuku hata mchoraji, kwamba pengine alichora gunia kwanza, kisha akatafuta mtu wa kulikalia.

"Simama kando yake, maitu. Geuka hivi."

Nikasimama. Askari wa ukumbi, kijana mwenye lafudhi ya magharibi, akasogea. "Msiguse, mama."

"Hatugusi. Kijana yangu, hebu angalia. Wanafanana?"

"Sana! Kama mapacha, mama."

Mama akanishika mkono, akanivuta hadi ukuta wa pili, akanisimamisha kando ya picha ya mzee mwenye ndevu na kofia ya manyoya. "Na hawa?"

Askari akasita. "Pia... kuna kitu hivi, kwa mdomo."

"Asante," alisema mama. "Mungu akubariki. Huna maana kabisa." Askari akacheka mpaka akajiziba mdomo.

Hatukuwa na wa kumuuliza tena. Tulirudi kwenye picha. Mama alifungua kitambaa chake cha kanisani. Sikuwahi kuona nywele zake hadharani, na zilikuwa nyeupe kuliko nilivyodhani. Akanifunga kichwani, fundo juu ya sikio la kushoto, akavuta kwa nguvu hadi paji la uso likaniuma. Kisha akarudi nyuma, akanitazama.

Nilingoja agawe macho, mara kwangu, mara ukutani. Hakugawa. Alinitazama mimi, mgongo wake karibu uelekee picha, na midomo yake ikawa inatafuta neno, kama ya mtoto anayejifunza kuita.

"Mama," nikasema, "ni yeye?"

"Nimemwona," akasema. "Twende."

Alitembea mbele yangu, kichwa wazi, hakugeuka hata mara moja. Pale mapokezi aliweka kifaa chake juu ya meza na kupita. Msichana alimwita, akiwa ameinua kitambulisho juu. "Mama! Umesahau kitambulisho!"

Mama hakusikia. Alisukuma mlango mkubwa wa kioo, akatoka kwenye jua, na mlango ukajifunga nyuma yake.