"Sawa" ya Waziri Pale Custom

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ilibaki kidogo nipoteze kazi kabla ya chakula cha mchana. Wewe umeteuliwa juzi kuwa katibu wa habari wa waziri, na naona suti umeshashona. Vizuri. Vaa suti yako, lakini kwanza kaa hapa unisikilize.

Mimi nilifanya kazi hiyo hiyo hapa Juba, nikiwa bado msichana mbichi. Waziri wangu alikuwa amekulia Kenya kama mimi, na Kiarabu chake cha Juba kilikuwa cha kuombea maji tu. Serikali ilitaka kuondoa vibanda vya kando ya barabara pale soko la Custom. Vile vya ndani ya soko havikuhusika kabisa. Sasa mwandishi mmoja wa redio, jina lake Poni, akamuuliza waziri kwa Kiarabu kama vya barabarani na vya ndani vitaondolewa vyote. Waziri yuko mguu mmoja ndani ya gari, akaitikia, "Sawa, sawa." Kwetu tuliokulia Kenya, hiyo ni kusema nimekusikia, niache niende. Lakini kwa Kiarabu cha Juba, sawa ni pamoja. Poni akatangaza alivyojibiwa, kwamba vyote vitaondolewa pamoja.

Wacha wee! Kufika saa sita, akina mama wa ndani ya soko walikuwa wanang'oa mabati yao wenyewe, unga na nguo zinapakiwa kwenye boda boda, wengine wanalia.

Waziri akaniita, amewaka. "Andika kwamba huyo msichana ametunga uongo. Na anyang'anywe kibali cha uandishi!"

"Mheshimiwa, hakutunga. Ulimjibu sawa, na hapa sawa ni pamoja."

"Kwani nimekuajiri unitetee ama unifundishe Kiarabu?"

Niliogopa, sikufichi. Mshahara wangu ndio uliokuwa unalisha nyumba nzima kule Gurei. Lakini Poni naye alikuwa analisha mama yake kwa kazi hiyo ya redio, na kosa lake lilikuwa kusikia vizuri! Iliniuma. Nikatoka nje kwa waandishi nikasema, "Mwandishi alisikia vizuri. Kosa ni letu, tulijibu Kiarabu kwa Kiswahili. Malesh, mtusamehe. Vibanda vya ndani ya soko havitaguswa." Waandishi wakacheka. Waziri hakucheka.

Jioni nikapita Custom. Mama mmoja alikuwa anarudisha bati lake, nikamuuliza nani amemhakikishia. Hakunijua. Akasema, "Msemaji wao amekubali redioni kwamba walikosea. Huyo akituambia tubaki, tunabaki."

Waziri alininunia siku nyingi, halafu akaanza kuniuliza maana ya maneno kabla hajafungua mdomo.

Basi mwanangu, shika hili. Bosi wako akikosea, ama ukikosea wewe, sema siku hiyo hiyo, kwa lugha ambayo mama wa sokoni ataelewa. Usimtupie mwandishi kosa la ofisi, yeye hana walinzi mlangoni. Iko siku utasimama kuwaambia watu wakimbie ama wakae nyumbani, na siku hiyo wasipokuamini, watu watakufa.

Haya, nenda kazini. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "tulikosea", na akupe waziri atakayevumilia kuusikia.