Dido hakuwa na mkanda mweusi

Kichwa changu bado kinakataa. Jumanne tulikuwa tunataniana kwenye simu, na leo nimekaa natafuta picha yake ya kuweka hapa juu.

Dido, fundi wetu wa kuchomelea milango hapa Kamembe, ametuacha jana asubuhi. Alikuwa kazini. Mke wake, Maman Furaha, anasema alikaa chini kama mtu anayetaka kupumzika kidogo, basi. Moyo.

Tangu jana nasoma mnayoandika. "Pumzika, ceinture noire yetu." "Mkanda mweusi wa kwanza wa club." Najua ni upendo. Lakini Dido hakuwa na mkanda mweusi. Amekufa na wa kahawia, na aliyefanya asiupate ni mimi.

Tulianza judo siku moja, wazee wawili wenye vitambi katikati ya wanafunzi wa sekondari. Mimi, mwalimu wa jiografia, nilitumwa na daktari. Yeye alisema amekuja tu kuona Prof akianguka.

Tatami, mikeka ya kuangukia, hatukuwa nayo. Dido alishona maturubai mawili, tukayajaza pumba za mpunga kutoka Bugarama. Vumbi lake linanipigisha chafya mpaka leo.

Alihesabu Kijapani kwa lafudhi ya Bukavu, alikokulia. Na alipenda kuinama, ile salamu ya judo. Siku moja aliliinamia geti alilokuwa amemaliza kuchomelea, mwenye nyumba akavua kofia akidhani ni maombi.

Kwenye mtihani wa mkanda mweusi kuna sehemu inaitwa kata. Unaonyesha mitupo iliyopangwa, kulia na kushoto, mbele ya wakaguzi. Mmoja anatupa, mwingine anatupwa. Huyo wa kutupwa ndiye anayekuja kwa hatua zake sawasawa. Akichelewa kidogo tu, mtupo unaharibika na anayefeli ni mwenzake.

Mimi ndiye niliyekuwa natupwa. Kusema kweli, kuanguka ndicho kipaji pekee nilichowahi kuwa nacho katika michezo.

Miaka miwili tulifanya kata ile, Jumatatu na Alhamisi. "Prof, unaanguka sawa muntu mwenye anaogopa kuchafua suruali," alikuwa ananiambia. "Anguka kama vile umekubali." Nikajifunza kukubali. Mwishoni hatukuhitaji hata kuhesabu.

Sasa sikilizeni. Kwenye club yetu, kabla ya mazoezi tunapiga mstari. Wenye mikanda ya rangi upande huu, mwenye mweusi upande ule pamoja na mwalimu, halafu upande huu unainama. Dido akifaulu angevuka. Mimi ningebaki.

Mimi niliyesoma chuo, niliyewafundisha watoto wake wawili, Furaha na mdogo wake, niliyekuwa namwandikia barua zake za ofisi ya sekta, ningemwinamia fundi wa milango kila Jumatatu na Alhamisi. Nilikuwa nacheka naye, na jambo hilo lilikuwa linaniuma.

Asubuhi ya mtihani alinipigia kutoka gare. Basi la Kigali lilikuwa limewasha injini.

"Prof, uko wapi? Minakungoja."

"Goti, Dido. Limevimba usiku. Siwezi kukanyaga."

"Basi lala. Usijilazimishe, Prof. Mukanda itangoja."

Goti langu lilikuwa zima kabisa. Saa nne nilikuwa staff meeting, nimevaa tai, napinga ratiba mpya ya zamu.

Kigali walimpa kijana asiyemjua, wakafanya kata kama watu wawili wanaogombea mlango. Akafeli. Barua ya wakaguzi ilisema "hakuna maelewano na mwenzake". Aliniletea mimi niisome.

Halafu akanikataza kuanguka. "Goti ipone kwanza." Wiki tatu nzima mimi ndiye niliyetupa, na Dido, na miaka yake hamsini na mbili, ndiye aliyeanguka kwenye pumba zile. Kila mtupo aliinuka akatengeneza kimono chake, akauliza, "Umesikia maumivu?" Mimi nikasema, "Kidogo."

Mtihani mwingine ulikuwa unakaribia. Jumanne kwenye simu tulikuwa tunapanga hilo hilo, tukate tiketi za siti za mbele maana yeye kona za Nyungwe humchafua tumbo.

Jana jioni nilikaa na Maman Furaha, nikamweleza yote haya kabla ya kuwaeleza ninyi. Nilitaka anifukuze. Aliendelea kukunja nguo za marehemu.

"Alijua, Prof," akasema. "Furaha alimwambia alikuona shuleni ile siku, unapanda ngazi mbili mbili."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema, tumuache, siku moja atakuja mwenyewe."

Kwa hiyo wiki tatu zile alikuwa anaanguka huku anajua.

Kesho tunamzika Nyakarenzo. Vijana wa club, mmeleta mkanda mweusi mpya, uko bado kwenye nailoni, mnataka mimi niufunge juu ya sanduku kama mwenzake. Sitaufunga. Dido hakuwahi kuvaa kitu ambacho hakupewa na wakaguzi, hata cha kujaribu mbele ya kioo. Tukimvika kesho, atakayepata nafuu ni mimi. Yeye haitamsaidia kitu.

Nimemwomba Maman Furaha ule wa kahawia, na amenipa. Atakayeuliza kwa nini fundi mzuri hivyo anazikwa na kahawia, mleteni kwangu, nimjibu.

Dido, ulistahili ule mwingine, na nilijua unastahili siku ile niliyokuacha gare. Ulale vizuri, ndugu yangu. Kesho nitakuinamia, na sitakuwa wa kwanza kuinua kichwa.