Siku Mama Dorika Alipotafsiri Sawasawa

Bibiana, ambaye Newala nzima ilimwita Mama Dorika, alijifunzia Kiingereza jikoni. Alizaliwa Mkunya, akasoma shule ya misheni ya Waanglikana, kisha akawapikia wauguzi wa Kiingereza kwa miaka kumi na minne. Walipoondoka walimwachia birika, kamusi isiyo na jalada, na lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuiongea naye. Akaolewa, akafiwa na mume, akamlea binti yake kwa mihogo na mikorosho kama watu wengine.

Lugha ile ilikaa bure mpaka mwaka 1992. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, vitu vya nje vilipita, na kijana mmoja, Awadhi, alirudi kutoka Masasi na televisheni, deki ya video na jenereta. Alipanga ghala lililokuwa la korosho, akaziba madirisha kwa magunia, akaweka mabenchi. Jumamosi na Jumapili, baada ya alasiri, watu walijaa kutazama picha za mapigano. Ila hawakuelewa wapiganaji wanaambiana nini. Ndipo Awadhi alipofika kwa Mama Dorika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nasikia unajua Kiingereza. Njoo usimame kando ya televisheni, utuambie wanasemaje."

Akaenda. Kumbe picha nyingi zilikuwa za Wachina. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya kioo, madogo kama sisimizi, tena yanakimbia. Siku ya kwanza alijitahidi kuyasoma, yakamwacha. Siku ya pili akaanza kutunga. Mtu akifungua mdomo tu, Mama Dorika anampa maneno: huyu anadai shamba la marehemu baba yake, yule anamwambia mjomba wake, umenilea lakini hukunipenda, na binti mmoja kisimani anamwomba baba yake radhi. Pale pa kuchekesha alichomeka Kimakonde. Watu wakawa wanatoka Kitangari kwa miguu, na wengine walisema wazi kwamba wanamfuata yeye, si Wachina. Siri ya kutunga hakumwambia mtu, hata Awadhi.

Mwaka wa tatu, mzungu mmoja wa mradi wa maji alipokuwa anarudi kwao alimgawia Awadhi mfuko wa kanda. Moja ilikuwa na jalada lenye mtu amesimama katikati ya moto. Awadhi alipoona moto akajua ni mapigano. Hakuijaribu kwanza, alikuwa anabania petroli ya jenereta. Alitangaza sokoni kwamba Jumamosi kuna picha mpya.

Picha ilianza na giza. Giza likakaa, watu wakasema televisheni imeharibika. Ikaja miguu ya mtu, peku, inakanyaga nyaya. Halafu kioo kikagawanyika vipande vinne, na kila kipande kina mtu yuleyule anapiga gitaa, huku amewapa watazamaji mgongo. Gitaa lenyewe lililia kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Hakukuwa na adui, wala bwana na bibi harusi, wala safari. Ulikuwa muziki tu, nao wimbo mmoja ulikwenda mpaka mtu angeweza kutoka, akanunua muhogo wa kuchoma, akarudi akaukuta palepale.

"Mama Dorika," akaita Fatu, muuza maandazi, "anasemaje huyu?"

Mama Dorika aliinamisha sikio. Safari hii kilikuwa Kiingereza kitupu, na alikisikia vizuri.

"Anasema, mlango nimeuacha wazi."

"Mlango gani?"

"Hakusema."

Watu wakacheka. Mwimbaji akarudia, Mama Dorika akatafsiri: mlango nimeuacha wazi. Akarudia tena. Mara ya tano Fatu alipaza sauti, "Si aende akaufunge!" Tangu hapo, kila mwimbaji alipofika pale, ghala zima lilimjibu: "Kaufunge!" Vijana walipiga mabenchi. Bibi Pili, ambaye hakukosa onyesho na alikaa mbele siku zote, alicheka hadi akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Aliyekasirika ni Husseni, fundi cherehani. Alisimama.

"Mama Dorika, unatuficha. Siku zote watu hawa wanasema mengi, mpaka ya ukoo wao. Leo maneno matatu? Tafsiri sawasawa!"

Mama Dorika alimgeukia. Miaka miwili alikuwa ameongopa akasifiwa. Leo amesema kweli tupu, anaitwa mwongo.

"Husseni baba, leo ndiyo natafsiri sawasawa," alisema. "Yale ya Wachina nilikuwa natunga."

Awadhi akazima deki.

"Na yule binti aliyemwomba baba yake radhi kisimani?" aliuliza Bibi Pili.

"Nilitunga, bibi. Sijui walichosema."

"Mimi nililia," akasema Bibi Pili. "Awadhi, washa. Tuone huyu anaishia wapi."

Karibu nusu ya watu walitoka, Husseni akiwa wa kwanza. Waliobaki waliitazama mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa ukumbi mtupu na mtu anakunja nyaya. Fatu alisema amepotezewa jioni yake. Kijana mmoja alitaka irudiwe pale pa vipande vinne, ajue yule ni mtu mmoja au ndugu wanne.

Walipobaki wawili, Awadhi alilalamika. "Ungenyamaza tu, mama. Nani alikuuliza?"

"Husseni aliniuliza," alijibu.

Wiki mbili watu walipungua, kisha wakarudi. Mama Dorika aliendelea kusimama kando ya televisheni, ila sasa penye Kichina alisema, "Hapa sijui." Watu wakajijazia wenyewe. Mmoja anasema wanagombea mirathi, mwingine anabisha, huyo ni shemeji yake hamuoni? Husseni naye alirudi, akawa mtungaji mkubwa kuliko wote. Wapiganaji wake walikuwa wanagombana kila mara juu ya nguo zilizocheleweshwa kushonwa.

Bibi Pili alipunguza kuja. Siku moja asubuhi alifika nyumbani kwa Mama Dorika, akamkuta anabangua korosho uani. Alivuta kigoda, akachukua fungu lake.

"Nisimulie yule binti wa kisimani," alisema. "Kama ulivyotunga."

"Nimesahau mengine, bibi."

"Basi tunga tena."

Mama Dorika akafikiri kidogo, akaanza na jina la binti.