Ushahidi Wangu kwa Simu ya Posta

Chekeni tu, hata mke wangu hucheka mpaka leo, lakini siku hiyo mimi nilitamani ardhi ya mji wa Wote, huku Makueni, ipasuke inimeze.

Mama mkwe alikuwa na kesi ya mpaka kule Matinyani, Kitui, jirani amesogeza mkonge wa mpakani mpaka karibu aingie jikoni kwake, na shahidi aliyebaki hai ni mimi (miche niliibeba kwa mgongo wangu). Sasa kesi ikaangukia siku ya soko, na mimi nauza viatu, nikaona kutoka Makueni mpaka Kitui kwa maneno mawili ni kujisumbua bure, nikamwomba D.O., afisa wa tarafa aliyesikiliza kesi, niseme kwa simu, naye kwa vile ofisi yake ilikuwa imewekewa simu majuzi tu, akakubali.

Nikaingia posta, foleni nyuma yangu imejaa. "Inua mkono uape!" D.O. akasema, na mimi nikauinua kweli (kana kwamba ananiona!), nikapiga kelele kwa sababu laini inakoroma, "Ee Mungu nisaidie!" Mama mmoja kwenye foleni akaitikia, "Amina!" na wengine wakafumba macho.

Kumbe huko wazee wa baraza wamekataa, ati sauti bila uso si shahidi, D.O. akampa mama mkwe simu asikize kama kweli ni mimi. Mimi sikujua. Nikaanza ushahidi kwa nguvu zote:

"Bwana D.O., huyo mama ni mgomvi! Ana mdomo, hata mimi mkwe wake namkimbia, nikimtembelea anaficha kuku! Lakini mkonge tuliupanda pale kwa jiwe jeupe, na shamba ni lake!"

Ikanijibu sauti nyembamba: "Nimesikia, mwanangu."

"Mwaitu?" Nikaita mama kwa Kikamba, simu ikaniponyoka, na posta nzima ikaelewa, watu wakacheka mpaka karani akaegemea ukuta.

D.O. aliporudi kwenye laini naye alikuwa hoi kwa kicheko. Kelele zangu zilikuwa zimetoka kwenye simu zikawafikia wazee wote, na mmoja wa wale walionikataa ndiye aliyesema mtu anayemtukana mama mkwe hivyo, na bado anampa shamba, hajafundishwa na mtu. Mkonge ukarudishwa.

Nikapeleka mbuzi ya kuomba msamaha. Mama mkwe akaipokea, akaniketisha mbele ya ukoo wote, akasema, "Haya, rudia yale ya kwa simu. Leo unaniona."

Nikasema laini ilikuwa mbaya.

Siku hizi nikiitwa shahidi nafunga duka, naenda mwenyewe, na sifungui mdomo kabla sijaona ni nani yuko mbele yangu.